Baba mdogo, hiki ndicho kilichowachosha watu wa Wales

Shikamoo baba mdogo. Uliuliza kwenye grupu la ukoo, na binamu zangu wakakuunga mkono: watu wa huko dawa wanapewa bure, watoto wa shule ya msingi wanakula shuleni bure, sasa chama chao cha Labour wanakikasirikia nini? Na wewe mgeni yanakuhusu nini? Siku ile nilijibu kwa mkato kwa kuwa nilikuwa kazini. Leo, kabla ya uchaguzi wa Mei 2026, nimepumzika, najibu kwa kirefu na sitafunika kitu.

Dawa za bure ni kweli. Wales, moja ya nchi nne zinazounda Uingereza, ilifuta malipo ya dawa za kuandikiwa na daktari mwaka 2007, ilhali jirani zao England wanalipa hadi leo. Chakula cha shule nacho ni kweli. Serikali ya Wales imeongozwa na chama cha Labour tangu bunge lao lianze mwaka 1999, na hayo mema watu wanayajua. Ila dawa ya bure inamfaa nini mtu ambaye bado yuko kwenye foleni ya kumwona daktari bingwa?

Mmoja wa wazee ninaowatunza alikuwa mchimba makaa ya mawe. Mikono yake ina makovu ya rangi ya samawati, kwa sababu vumbi la makaa liliingia kwenye vidonda akiwa kijana na likabaki humo humo chini ya ngozi. Nyonga yake imekwisha. Aliandikiwa upasuaji, na sasa ni zaidi ya miaka miwili anasubiri. Asubuhi mimi ndiye ninayemvalisha soksi, maana kuinama hawezi. Mwanzoni mwa 2025 orodha ya kusubiri matibabu Wales ilifika karibu 800,000, katika nchi yenye watu kama milioni 3.1. Wapo waliohesabiwa zaidi ya mara moja kwa kuwa wanasubiri matibabu tofauti, lakini hata ukiwatoa hao, idadi inatisha.

Mzee huyu ni wa Mabonde ya kusini, alikotoka Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa wa Tredegar ambaye akiwa waziri wa Labour alianzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948. Kwake Labour ni zaidi ya kadi ya chama. Ni baba yake, ni mgomo wa wachimba makaa wa 1984 hadi 1985, ni wenzake aliowazika. Katika kila uchaguzi mkuu wa Uingereza tangu 1922, Labour ndicho kilichoongoza Wales. Karne nzima, baba mdogo.

Oktoba 23, 2025 ukafanyika uchaguzi mdogo Caerphilly, huku kwetu, baada ya mbunge wa Labour kwenye bunge la Wales kufariki. Mwaka 2021 Labour kilikuwa kimelichukua jimbo hilo kwa asilimia 46. Safari hii kilipata 11. Mshindi alikuwa Lindsay Whittle wa Plaid Cymru, chama cha wanaotaka Wales ijitawale, kwa asilimia 47. Reform UK cha Nigel Farage, kinachotaka wageni wapunguzwe, kikafuata kwa 36. Conservative, chama kilichoitawala Uingereza miaka 14 mfululizo, kiliambulia asilimia 2. Mzee wangu alipiga kura kwa posta. Aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza maishani hakuwapa Labour, kisha akanyamaza kwa muda mrefu, na mimi nikamwacha anyamaze.

Sababu ziko nyingi, lakini nyingi zinatoka mahali pamoja. Labour cha Cardiff, mji mkuu wa Wales, kilizoea kusema: pesa hatuna, serikali kuu ya London inatubana, na London wako Conservative. Watu walikubali, maana ilikuwa kweli kwa kiasi kikubwa. Julai 2024 Labour kikashika London pia, na Wales ikawafuta Conservative kabisa, wasibaki na kiti hata kimoja. Labour kilizoa viti 27 kati ya 32. Tazama kilichojificha hapo: viti 27 vilipatikana kwa asilimia 37 tu ya kura. Watu walikuwa wamewachoka waliokuwepo kuliko walivyowapenda walioingia.

Kabla mwezi haujaisha, serikali mpya ikatangaza kuwanyima wastaafu wengi posho ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Baadaye waliirudisha kwa walio wengi, lakini mimi niliziona hizo nyumba majira hayo ya baridi. Nilimkuta bibi mmoja amekaa na koti na kofia sebuleni kwake, hita imezimwa. Septemba 30 mwaka huohuo tanuru la mwisho la kuyeyushia chuma Port Talbot likazimwa, na ajira kama 2,000 zikaenda nalo. Wewe uliona Tanga viwanda vilipokufa, huhitaji kusimuliwa mji unavyokuwa baada ya hapo. Tena kuna hii reli ya mwendokasi ya London kwenda Birmingham. Haina hata hatua moja ndani ya Wales, lakini kwenye vitabu vya serikali imeandikwa kuwa mradi wa England na Wales, kwa hiyo Wales haipati mgawo wake kama Scotland inavyopata. Labour walilia kuhusu hilo miaka yote Conservative walipokuwa madarakani. Walipoingia wenyewe, reli ikabaki vilevile kwenye vitabu.

Na Cardiff kwenyewe hakukutulia. Vaughan Gething aliingia kuwa Waziri Kiongozi Machi 2024, Mweusi wa kwanza kuongoza serikali ya nchi Ulaya, na sisi Waafrika wa hapa tulijivuna naye, sikufichi. Lakini kwenye kampeni ya uongozi alikuwa amepokea pauni 200,000 kutoka kampuni ya mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa makosa ya mazingira. Hakurudisha. Juni akapigiwa kura ya kutokuwa na imani akashindwa, Julai akatangaza kuondoka. Baada yake akaja Eluned Morgan. Kabla ya hayo watu walishakasirishwa na sheria ya 2023 iliyoshusha mwendo wa magari mitaani hadi maili 20 kwa saa. Zaidi ya watu 460,000 walisaini kuipinga. Mimi naiunga mkono, natembea kwa miguu na watoto wangu. Lakini nimegundua kwamba anayelalamikia maili 20 ukimpa nafasi dakika tano atafika kwenye nyonga, mabasi yaliyofutwa, na kijana wake asiye na kazi. Hasira ilipata pa kutokea hapo tu.

Ninavyoona mimi, chama kikijua kwamba kura yako haina pengine pa kwenda, kinaacha kukuhangaikia. Mabonde yaliwapa Labour kila kitu kwa miaka mia, na kwa sababu hiyo hiyo yakawekwa mwisho.

Sasa la wageni, maana najua ndilo linalomtia mama wasiwasi. Binti wa yule mzee alipigia Reform. Ananipenda, hunitilia chai, na aliniambia usoni kwamba wageni ndio wanaomaliza nyumba na huduma, kisha akaongeza, "si wewe." Nilimjibu kwamba anayemvalisha baba yake soksi ni mgeni, na kwamba hapa Caerphilly wageni ni wachache mno kuweza kumaliza chochote. Hakukasirika. Wala hakubadili msimamo. Reform kimetangaza kwamba kikishika London kitafuta kibali cha ukaazi wa kudumu, hata kwa wanaokisubiri kwa miaka. Na aliyewahi kukiongoza hapa Wales, Nathan Gill, amefungwa miaka kumi na nusu Novemba 2025 kwa kupokea hongo ili aseme maneno ya kuipendelea Urusi akiwa mbunge wa Ulaya. Nilidhani hilo litawashtua watu. Wengi waliniambia tu, "wote ndivyo walivyo." Hapo ndipo niliogopa kweli, kwa sababu aliyefika kuamini hivyo hakuna kashfa itakayomgeuza.

Msidhani basi kwamba Labour ni kimbilio letu. Serikali yao ndiyo iliyofunga mlango wa kuajiri watunza wazee kutoka nje Julai 2025, na sasa inapendekeza kazi kama yetu ingoje miaka 15 badala ya mitano kupata ukaazi. Tunawaogesha wazazi wao, tunalipa kodi, halafu tunaongezewa miaka kumi. Sisi wabeba boksi wa ughaibuni nasi tumechoka.

Jambo jingine nitalisema kwa ufupi kwa kuwa grupu lina watu wengi. Siku sita baada ya Caerphilly, nyumbani Tanzania nako kulipigwa kura. Intaneti ikazimwa, simu ya mama haikupatikana, watu wakafa, ikatangazwa kwamba Rais aliyekuwa madarakani ameshinda kwa asilimia 97. Kwa hiyo jirani yangu aliposema kura haina maana, sikuweza kukaa kimya. Nilimwambia chama cha miaka mia kimeng'olewa hapa kwa karatasi na kalamu, kikakubali usiku uleule, na asubuhi kila mtu akaenda kazini. Uchungu wake ni halali. Lakini chombo anacho mkononi.

Uchaguzi wa bunge lao, Senedd, ni Mei 7, 2026. Wabunge wataongezeka kutoka 60 hadi 96, na viti vitagawanywa kulingana na kura, jambo jema. Lisilonipendeza ni kwamba utachagua chama tu, na majina yamepangwa na chama chenyewe. Kwa watu waliowachoka viongozi wa vyama, huko ni kuwapa viongozi haohao nguvu zaidi.

Na ndiyo, yananihusu. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda tunapiga kura zote huku kwa sababu ya Jumuiya ya Madola. Mkongo na Mrundi wanaoishi Wales kihalali wanapigia Senedd na madiwani. Kwa hizo mbili, kuanzia miaka 16 unaruhusiwa, na kura ya Senedd haidai kitambulisho chenye picha. Mwambieni kila ndugu aliye Cardiff, Newport au Swansea ajiandikishe mapema. Caerphilly niliwapa Plaid, kuwazuia Reform. Mei bado sijaamua. Wagombea wakija mlangoni nitawauliza mambo mawili: yule mzee atafanyiwa lini nyonga yake, na anayemtunza atalipwa nini.