Palazzo Farnese: Michelangelo aliikuta katikati ya ujenzi
Je, Palazzo Farnese, jumba la kifahari mjini Roma, ni kazi ya Michelangelo tangu mwanzo? Hapana, aliyeichora kwanza ni msanifu majengo Antonio da Sangallo Mdogo. Aliianza kwa ajili ya Alessandro Farnese akiwa bado kardinali. Mwenye nyumba alipochaguliwa kuwa Papa Paulo III mwaka 1534, michoro ikapanuliwa ilingane na cheo. Sangallo alifariki 1546, ndipo Michelangelo akakabidhiwa kazi. Wake ni ule ukingo mzito wa mawe chini ya paa, na ghorofa ya juu ya uani. Mtu akisimama uwanjani mbele ya jengo macho yanakwenda kwenye ukingo huo kwanza, na ni mzuri kweli, kwa hiyo naelewa kwa nini wengi humpa sifa zote. Upande unaotazama mto Tiber ulimaliziwa na msanifu mwingine, Giacomo della Porta. Ukitaka kuingia, weka nafasi mapema: leo ni ubalozi wa Ufaransa.