Kuitangaza filamu bubu ya kuchekesha kwa vituko vya mtaani

Mkuu, umeuliza utawavutaje watu waje ukumbini kuitazama Safety Last! (1923), filamu bubu ya mchekeshaji Mmarekani Harold Lloyd, ikisindikizwa na mpiga piano, wakati huna fedha za matangazo ya redio. Chukua kitu kimoja kutoka ndani ya filamu yenyewe ukitoe mtaani. Hapa kitu hicho ni saa. Picha ya mtu anayening'inia kwenye mshale wa saa juu ya barabara inatambulika hata na asiyewahi kuiona filamu.

Usimpandishe mtu ukutani. Machi 1923 Harry F. Young, mpanda kuta za majengo, alipanda ukuta wa Hotel Martinique, New York, kuitangaza filamu hii hii, akaanguka mbele ya umati na kufa. Sanamu ya kuning'iniza nayo iache. Kwa mbali inaonekana mtu kweli, madereva wanasimama ghafla, na zimamoto wanaitwa bure.

Lloyd mwenyewe alitumia hila ya kamera. Ukuta ulijengwa juu ya mapaa ya majengo, na kamera ikategwa mahali ambapo jukwaa la chini halionekani ila barabara tu. Wewe fanya hila hiyo sakafuni. Tandika kitambaa kilichochapwa picha ya barabara inayoonekana kutoka juu, mita 3 kwa 2. Upande wa juu laza duara la plaiwudi la milimita 9, kipenyo mita 1.2, lililochorwa uso wa saa. Mshale ufungwe kwa bolti mbili, maana wa bolti moja utazunguka kila ukivutwa. Mtu analala chali akiushika, na simu iliyofungwa imara kimo cha kama mita 2.2 inampiga picha kutoka juu.

Yanayoharibu picha ni matatu. Taa ikitoka pembeni, kivuli kinaufichua uongo. Iweke upande wa kichwani, au tumia mbili zinazokabiliana. Rangi inayong'aa inarudisha mwanga, kwa hiyo paka isiyong'aa. Kisha nguo: tai na pindo la koti vivutwe kuelekea miguuni, goti moja likunjwe, la sivyo mtu anaonekana amelala usingizi. Miwani iwe fremu tupu. Hata ya Lloyd haikuwa na vioo. Tarehe, saa na jina la ukumbi viandikwe kwenye kitambaa chenyewe, ili kila picha inayosambazwa iende na tangazo lake.

Kituko cha pili ni saa ya ufunguo ya siku 8, yaani inayojazwa kwa ufunguo na kutembea kama siku 8, kwenye dirisha la duka lenye wapita njia wengi. Ijaze hadi mwisho mbele ya watu siku 12 kabla ya onyesho, kwa sababu nyingi hupitiliza siku zake, kisha ifunge kwa karatasi yenye sahihi za watu wawili. Watu wabahatishe itasimama ikionyesha saa ngapi na dakika ngapi. Usiulize siku, maana saa iliyosimama haionyeshi siku, na hapo ndipo ugomvi huanza. Wakifungana, ashinde aliyetangulia kuleta jibu. Kushiriki kuwe bure, kwani ukitoza hela nchi nyingi zitakuhesabu mchezo wa kamari. Mshindi atajwe jukwaani kabla ya filamu, na asipokuwepo zawadi iende kwa anayemfuata. Sharti hilo ndilo linalojaza viti.

Kituko cha tatu ni mtembezi aliyevaa kama Lloyd. Mwenye kofia ya majani, fremu za miwani na saa kubwa ya kengele kifuani atembee jioni watu wakitoka kazini, akiishia mlangoni pa tiketi. Asiseme neno, hata akiulizwa. Vipeperushi vigawiwe na msaidizi anayefuata hatua tano nyuma. Mtembezi akigawa mwenyewe, uigizaji wake unaharibika pale pale. Wasisimame mahali pamoja, kwa sababu wakiziba njia utafukuzwa hata ukiwa na kibali cha maandishi, ambacho lazima uwe nacho.

Kila kituko kiwe na vipeperushi vya rangi yake, na anayeleta kipeperushi mlangoni apunguziwe bei ya tiketi kidogo. Ukihesabu rangi usiku ule utajua kipi cha kurudia.

Kuhusu hakimiliki, filamu hiyo iko huru Marekani tangu 1 Januari 2019. Kwingineko sheria ni tofauti, na nakala iliyokarabatiwa au muziki mpya huweza kuwa na mwenyewe. Pata ruhusa yake kwa maandishi kabla ya kuchapa chochote.