Risiti mbili zenye jumla tu: bei ya kilo ni ipi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama lishe. Ninakochukua mchele na maharage huniandikia jumla tu. Jumatatu nilichukua mchele kilo 5 na maharage kilo 3, nikalipa shilingi 23,600. Alhamisi nikachukua mchele kilo 2 na maharage kilo 4, nikalipa 18,400. Nitajuaje bei ya kilo? Mwenzangu alijaribu kwa risiti zake akaishia 0 = 0.

Jibu: Marahaba, mama. Risiti zako zinatosha. Bei ya kilo ya mchele tuiite m, ya maharage h:

5m + 3h = 23,600
2m + 4h = 18,400

Mlinganyo wa pili ugawe kwa 2: m + 2h = 9,200. Kisha uzidishe kwa 5 ili m zilingane na za ule wa kwanza: 5m + 10h = 46,000. Toa wa kwanza; m zinaondoka, inabaki 7h = 22,400, yaani h = 3,200. Na m ni 9,200 − 6,400 = 2,800. Basi mchele ni 2,800, maharage 3,200.

Mwenzako huenda hakukosea hesabu. Yaelekea mara ya pili alinunua kila kitu maradufu: tuseme kilo 3 na 2 kwa 14,800, halafu kilo 6 na 4 kwa 29,600. Risiti ya pili hapo inarudia tu maneno ya kwanza. Mchele 2,800 na maharage 3,200 zinakubali. Mchele 3,000 na maharage 2,900 nazo zinakubali. Atafute risiti yenye uwiano tofauti, hata ya kilo moja moja. Angepata 0 = 400, ningesema bei ilibadilika au mtu alikosea kujumlisha.

Hili la bei kubadilika ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Ikiwa ilipanda kati ya Jumatatu na Alhamisi, milinganyo yako bado itatoa jibu, tena litakalokubaliana na risiti zote mbili, na halitakuwa bei ya siku yoyote. Kuhakiki kwa risiti zilezile hakutakufichulia kitu. Tumia ya tatu: ukichukua mchele kilo 4 na maharage kilo 1, jumla iwe 14,400. Ikija tofauti, usipange bei ya sahani kwa hesabu hii kabla muuzaji hajakutajia bei za siku hiyo.