Dele la shaba kutoka Darajani

Swali: Asalaam alaykum, Bibi. Nimenunua dele la kahawa kuukuu Darajani. Nje limefanya weusi, ndani lina ukijani. Mume wangu ananiambia nilitupe. Nitajuaje kama ni shaba kweli? – Msomaji, Wete

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu. Usilitupe hata kidogo! Tafuta sumaku, hata ya spika mbovu, uiguse kwenye tumbo la dele. Ikinasa, ndani yake ni chuma, si shaba tupu. Isiponasa, sugua kitakoni kwa ndimu iliyochovywa chumvi. Umanjano ukitokeza, furahi. Endelea dele zima kwa nje, suuza, kausha papo hapo.

Mimi nililipata sinia langu Mwanakwerekwe, masizi matupu. Ndimu ya nne, maua ya nakshi yakaanza kutokea moja moja, nikaita nyumba nzima waje watazame. Mpaka leo nikilipangusa moyo wangu hutulia.

Ila huo ukijani wa ndani ni kutu ya shaba, na ni sumu. Usichemshie kahawa mpaka fundi alisafishe na kulipaka bati upya kwa ndani. Kwa sasa liweke sebuleni, mumeo alione likianza kung'aa.