Zermatt au Chamonix? Jibu linategemea mnaenda nani na nani

SWALI: Habari za kazi kaka. Tunapanga likizo ya theluji wiki ya mwisho ya Januari, tuko wanne. Mume wangu anateleza na skii vizuri tu, mimi na mtoto wa miaka 9 hatujawahi hata kuvaa vile viatu, na mama mkwe anakuja naye ila kashasema yeye hatelezi ng'o, anataka kuona milima. Tumebaki na sehemu mbili, Zermatt ya Uswisi na Chamonix ya Ufaransa. Mume anang'ang'ania Chamonix maana marafiki zake wote wanaisifia, mimi Zermatt ndo imenikaa moyoni lakini bei zake zinanitisha. Tuende wapi?

JIBU: Salama dada. Kwa hao watu wanne nendeni Zermatt.

Chamonix wanaisifia kwa haki kabisa, pale ndo ilifanyika Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924 na mlima Mont Blanc wenyewe uko juu ya mji. Ila chukua ramani uiangalie vizuri, utaona ni bonde refu na sehemu za kuteleza zimetawanyika, Brévent na Flégère upande mmoja, Grands Montets kule Argentière, Balme mwisho kabisa wa bonde, Les Houches huku chini, na kutoka moja kwenda nyingine mara nyingi ni basi. Sasa fikiria asubuhi yenu: mume anataka Grands Montets kwenye miteremko mikali, wewe na mtoto mna darasa kwenye kiwanja cha wanaoanza, mama mkwe hajui aende na nani, kila mtu na basi lake, mnakuja kuonana jioni mmeshachoka. Mnalipa hela yote hiyo ili muwe pamoja, halafu mchana kutwa hamuonani!

Zermatt kuna treni ya mlimani ya Gornergrat, inafanya kazi tangu 1898, inaanzia pale pale mbele ya stesheni kuu na inapanda mpaka mita 3,089. Mama mkwe anapanda na koti lake na viatu vyake vya kawaida vya baridi, mwambie akae upande wa kulia wakati wa kupanda maana mlima Matterhorn uko upande huo, mita 4,478, na siku ya jua hata ukiwa umechoka na watoto unanyamaza tu unaangalia. Njiani treni inasimama Riffelberg, kwenye kama mita 2,580, kuna miteremko mipole yenye alama ya buluu, kwa hiyo nyie mkishapata masomo kidogo mnashuka hapo, mume anaendelea juu, na saa ya chakula wote mnakutana Riffelberg bila mtu kutafuta basi.

Siku za kwanza lakini msianzie Riffelberg, anzieni Sunnegga. Mnapanda kwa treni inayopita ndani ya handaki, dakika chache tu, na juu kuna uwanja wa wanaoanza na watoto. Kwa sababu uwanja uko juu mlimani hata mwanafunzi anahitaji tiketi ya kupanda, hilo uliza shule ya skii mapema, waulize na ada yao inajumuisha nini. Kingine ni rangi za miteremko, Ufaransa rahisi kabisa ni kijani, halafu buluu, nyekundu, nyeusi, Uswisi kijani hamna, wanaanza na buluu, kwa hiyo ukiona mtoto anapelekwa buluu usishtuke.

Viatu ndo vinaharibu likizo za watu wengi kuliko hata theluji mbaya, kwa hiyo hapo usikubali kuharakishwa dukani. Vaa soksi moja tu, ndefu na nyembamba, usivae mbili. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja magoti ukaegemea mbele vinatakiwa viachie, na kisigino kisinyanyuke. Mtoto mwambie akunje magoti mbele yako, usikubali tu akikwambia viko sawa, watoto wanasema viko sawa ili waondoke. Na kofia ngumu kila mtu avae.

Bei, kweli ni ghali, mnalipa kwa faranga za Uswisi na hakuna njia ya kuifanya rahisi, kuna njia za kuipunguza tu. Laleni Täsch, kijiji cha chini yake, treni ni kama dakika 12 na magari ya petroli huko Zermatt hayaruhusiwi kwa hiyo hata matajiri wenye magari yao wanayaacha hapo hapo. Chukueni nyumba yenye jiko. Tiketi ya kuteleza hadi Cervinia, upande wa Italia, akate mume peke yake kama anataka, nyie haiwahusu, na yeye mwambie aangalie saa: upepo ukifunga lifti za juu akiwa Italia, kurudi kwa barabara ni masaa ya kuzunguka milima.

Mama mkwe kama ana presha au moyo unamsumbua aongee na daktari wake kabla, mita 3,000 sio mchezo kwa mtu mzima.

SWALI: Kaka, na sisi tunabishana hizo hizo mbili, ila tuko vijana watatu, wote tunateleza miaka mingi, hela ndo inatupa mawazo. Mwenzetu mmoja anataka tushuke Vallée Blanche wenyewe bila mwongozaji.

JIBU: Nyie Chamonix, msibishane. Kule sehemu za kuteleza kutawanyika, kwenu nyie ni faida, mnaamka mnaangalia hali ya hewa mnachagua, na kutoka uwanja wa ndege wa Geneva ni saa moja na kitu kwa basi.

Ila huyo mwenzenu mkatalieni. Vallée Blanche ni kama kilomita 20 kutoka kilele cha Aiguille du Midi, mita 3,842, na haina alama wala doria, mnateleza juu ya barafuto, yaani mto wa barafu, yenye nyufa ambazo theluji imezifunika huzioni kabisa. Hata kabla hujavaa skii mnashuka kwa miguu kwenye ukingo mwembamba, huku bonde huku bonde, waongozaji wanawafunga watu kamba. Kujua kuteleza hakukuonyeshi ufa ulipo. Gharama ya mwongozaji mnagawana watatu. Tiketi ya kawaida ya lifti za Chamonix haifiki Aiguille du Midi, inatakiwa ile kubwa, Mont Blanc Unlimited, na bima muisome vizuri kama inalipia uokoaji nje ya njia zilizopangwa, maana nyingi hazilipi.