Maswali ya Ujenzi: Kiwanja Pangani, Fundi wa Moshi

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Kiboriloni, Moshi. Nimenunua kiwanja Pangani, hatua chache kutoka ufukweni, nami nakusudia kujenga nyumba ya kuishi pamoja na vyumba vinne vya wageni. Fundi aliyenijengea nyumba ya Moshi, ambayo hadi leo haina ufa, yuko tayari kushuka nami, na anasema mchanga tutauchota ufukweni bila gharama. Kijana wangu ananishauri nianze na ukuta wa kuzuia mawimbi, kisha nyumba iwe na madirisha makubwa ya vioo na grili za chuma upande wa bahari. Je, nyumba kama ile ya Moshi itafaa kule?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Ramani yako inahitaji marekebisho machache, lakini namna ya kuijenga lazima ibadilike karibu yote, kwa sababu adui wa kwanza wa nyumba ya pwani ni chumvi, na wimbi ni la pili. Upepo hupeperusha matone madogo ya maji ya bahari hadi mahali ambapo wimbi halijawahi kufika, na chumvi hiyo hutua juu ya bati, bawaba na kuta usiku na mchana.

Hata hivyo, maneno yako "hatua chache" yananitia wasiwasi kabla hatujafika kwenye chumvi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Usipime umbali huo wakati wa maji kupwa, kwani katika pwani yetu tofauti kati ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupita mita tatu. Pima kutoka mstari wa maji yanapojaa kabisa. Na ikiwa baada ya kupima utaona kwamba kiwanja chote kimo ndani ya mita hizo, ni afadhali ulijue jambo hilo leo kuliko baada ya kumwaga msingi.

Ukuta wa kuzuia mawimbi nakushauri uuache. Mchanga wa ufukwe hausimami mahali pamoja: kusi huusukuma kuelekea kaskazini, na kaskazi huurudisha kusini. Ukuta wima huyarudisha mawimbi kwa nguvu, nayo huchimba mchanga ulio miguuni pake na kumega ardhi ya jirani kwenye ncha zake. Ukisogeza nyumba nyuma na kuiacha mimea itambaayo juu ya mchanga, utakuwa umepata kinga bora bila kununua mfuko hata mmoja wa saruji.

Sasa mchanga wa bure, ambao ndio wenye gharama kubwa kuliko yote. Ndani ya zege iliyo nzima, nondo hulindwa na utando mwembamba unaotokana na ukali wa saruji. Chumvi huuvunja utando huo, kutu huanza, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma ilichokila, zege hupasuka kutoka ndani. Ukipita mitaa ya Tanga au Dar es Salaam iliyo karibu na bahari, tazama linta na mihimili: utaona nyufa zinazofuata mstari wa nondo, na mahali pengine zege imebanduka na chuma kiko wazi. Mchanga wa ufukweni huingiza chumvi hiyo tangu siku ya kwanza. Nunua mchanga wa mto usiofikiwa na maji ya bahari, na maji ya kisima kilicho karibu na ufukwe usiyatumie kuchanganyia wala kumwagilia zege mpaka yapimwe.

Moshi fundi wako huenda aliacha milimita 25 za zege juu ya nondo. Pangani mdai milimita 50, zishikiliwe na biskuti za zege, yaani vibonge vidogo vinavyotenga nondo na ubao, wala si vipande vya mawe vilivyookotwa. Maji nayo yasizidi lita 22 kwa mfuko wa kilo 50, ukihesabu pia unyevu uliomo kwenye mchanga. Mafundi wengi hupenda zege laini inayoteremka yenyewe. Hapo ndipo huachwa vitundu ambavyo chumvi hupitia.

Tena, dawa mojawapo inatoka huko huko kwenu. Jivu la volkano, yaani pozolana, huchimbwa Holili na kutumika viwandani kutengeneza saruji. Saruji yenye pozolana hutoa zege iliyoshikana zaidi na inayochelewesha chumvi. Warumi walitumia jivu la aina hiyo katika bandari ya Caesarea, kwenye pwani ya Israeli ya leo, miaka 2000 hivi iliyopita, na mabaki yake bado yamo baharini. Ila saruji hiyo hukomaa polepole, kwa hiyo mwagilia zege kwa wiki mbili badala ya moja.

Wajenzi wa kale wa mwambao hawakuwa na tatizo hili hata kidogo, kwa kuwa hawakuweka chuma. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Sikutumi ukavunje matumbawe, lakini somo lao linafaa: kuta nene zibebe mzigo, vyumba viwe vyembamba, na nondo zitumike pale tu zinapohitajika.

Grili za chuma zitakuletea kutu ndani ya muda mfupi; weka za mbao ngumu kama mvule. Bati liwe la aluminiamu nene, na misumari na skrubu zake ziwe za aluminiamu au chuma kisichoshika kutu, maana aluminiamu ikigusana na chuma cha kawaida kwenye unyevu wa chumvi huliwa. Vioo vikubwa vinavyotazama mashariki vitaingiza jua la asubuhi lote. Mimi ningechagua upenu mpana, baraza, na madirisha ya mbao yanayopitisha hewa pande mbili za kila chumba, kwa sababu ukumbi mrefu wa katikati, tulioupenda sana huku kwetu, huzuia upepo usivuke nyumba.

Fundi wako mchukue, ila mhandisi aliyesajiliwa akague nondo kabla ya kila umwagaji.

SWALI: Mdogo wangu anajenga Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Je, naye aogope chumvi? Msomaji, Tengeru.

JIBU: La. Maji ya ziwa hilo ni maji baridi, yaani si ya chumvi, hivyo zege ya kawaida iliyochanganywa vizuri inamtosha. Mita 60 zinamhusu vilevile, na kina cha ziwa hupanda: Mei 2020 kilivuka rekodi ya mwaka 1964. Awaulize wazee wa hapo maji yalifika wapi yalipopanda kuliko nyakati zote, kisha aweke jamvi la nyumba juu ya alama hiyo.