Vim Bado? Jibu kwa Kijana wa Mafinga

Kijana mmoja wa Mafinga kaniandikia: "Shikamoo kaka. Siku hizi akili mnemba inaandika msimbo yenyewe. Vim ya nini tena, si mambo ya wazee?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwa asiyeijua, Vim ni programu ya kuhariri maandishi kwa kibodi tupu, kwenye skrini nyeusi. Umeuliza wiki nzuri.

Jumapili nilikuwa kwenye Coaster natoka Kyela, mvua ya Tukuyu inapiga vioo, laptopu nimeiacha Uyole. Simu ikaita: mfumo wa SACCOS moja ninayoihudumia haufunguki. Mtu kagusa faili la mipangilio ya Nginx, programu inayopokea wanaofungua mfumo, seva ikawashwa upya, ikagoma. Mtandao ulikuwa unakuja na kupotea. Nikafungua Termux, programu ya kuandika amri kwenye simu, nikaingia kwenye seva kwa mbali kwa SSH, nikaandika nginx -t, amri ya kukagua mipangilio. Ikalalamikia mstari wa 48. Nikafungua faili kwa Vim, 48G kwenda mstari huo, kisha k kupanda mstari mmoja, maana Nginx mara nyingi huulaumu mstari unaofuata ule wenye kosa. Kweli, nukta mkato haikuwepo. A kuandika mwisho wa mstari, nukta mkato, Esc, :wq kuhifadhi na kutoka, nikaiwasha. Kabla ya Kiwira watu walishaanza kuingia kwenye mfumo.

Hao wazee unaowasema, mmoja wao ni Bill Joy, aliyeandika vi, mzazi wa Vim, kule Berkeley, Marekani, mwaka 1976. Nyumbani alitumia modemu ya baud 300, polepole kuliko bando lako lolote, ndiyo maana amri zake ni herufi moja moja. Kibodi ya mtambo wake, ADM-3A, ilikuwa na mishale iliyochorwa kwenye H, J, K na L. Mpaka leo tunasogea ndani ya faili kwa herufi hizo. Kwa hiyo kifaa kile kilitengenezwa kwa ajili ya mtandao kama wetu, mabondeni huku. Vim yenyewe aliitoa Bram Moolenaar wa Uholanzi mwaka 1991. Hakudai malipo, aliomba tu uwachangie watoto wa Kibaale, Uganda, hapo kwa jirani. Alifariki 2023, na toleo la 9.1 likatoka Januari 2024.

Kuna ofisi hapa mjini, siitaji, niliwahi kwenda kwenye usaili. Nilipofungua skrini nyeusi, jopo zima likacheka. Kazi akapewa mwenye madirisha ya rangi. Sina kinyongo. Haya, ninacho kidogo.

Akili mnemba iache iandike, hata mimi naitumia. Lakini ikishakumwagia mistari mia mbili, wa kusoma na kukata ni wewe, na seva ikilala usiku utaikuta na vi, si na hayo madirisha. Vijana mnapenda njia za mkato halafu mnaogopa herufi nne!

Anza na vimtutor, somo la mazoezi linalokuja na Vim, kama nusu saa hivi. Kesho irudie. Keshokutwa tena. Mishale usiiguse. Ukikwama humo ndani, Esc kisha :q! utatoka, usizime kompyuta, nawajua nyie.